Mashine Husahau: Historia Fupi ya Skripti za Bechi na Kumbukumbu za Diski

Juzi kijana mmoja tunayefanya kazi naye alichungulia kwenye kompyuta yangu akaona folda iliyojaa faili zinazoishia na .bat. Akacheka. "Mzee, hizi bado zinafanya nini hapa?" Nikamwambia akae, anywe chai kwanza, kwa sababu jibu ni refu na ndani yake kuna aibu yangu mwenyewe. Baadaye nikaona afadhali niliandike, wengine nao wasome.

Leo basi tunazungumzia historia ya kitu kidogo sana: skripti ya bechi inayotoa vipimo kutoka kwenye mfumo wa kuhifadhi data na kuviweka mahali salama. Wapo watakaosema mada hii ni kavu kama mahamri ya jana. Nivumilieni.

Asubuhi ya mwisho wa mwezi

Mwaka 2006 nilikuwa nimeandika programu ya kaunta kwa chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Nairobi. Sitakitaja jina. Programu ilikuwa inafanya kazi vizuri mpaka tarehe 31 Mei. Siku hiyo, wanachama wakiwa wamejipanga foleni mpaka nje, skrini zote za kaunta ziliganda mara tu ofisi ilipofunguliwa. Ziliganda kama dakika sita tu, lakini dakika sita za kuganda huzaa nusu siku ya vurugu. Miamala inakatika katikati, karani anairudia, mwanachama anaona pesa zimetoka mara mbili, meneja anaitwa. Kufikia saa sita mchana kila mtu alikuwa amekubaliana kwamba mkosaji ni programu yangu.

Tarehe 30 Juni ikatokea tena. Vilevile, dakika zilezile.

Mimi nilishuku diski. Data zote za chama zilikaa kwenye kabati moja kubwa la diski lililotumiwa na seva kadhaa. Aliyelitunza alikuwa mzee mmoja tuliyezoea kumwita Fundi. Nilipomwendea Jumatatu iliyofuata kumwomba vipimo vya Ijumaa asubuhi, alinitazama kwa huruma. "Kijana, umechelewa. Vipimo vya dakika kwa dakika mashine hii huviweka siku moja tu. Baada ya hapo huandika vipya juu ya vya zamani. Vilivyobaki ni wastani wa dakika 15."

Tukautazama huo wastani. Ulikuwa umepanda kidogo, jambo ambalo kila mtu hulitarajia asubuhi ya mwisho wa mwezi. Hapakuwa na ushahidi wowote. Nikaenda kwenye kikao mikono mitupu, nikaambiwa nina miezi miwili ya kurekebisha programu, la sivyo mkataba utavunjwa.

Kabla sijawaeleza kilichotokea baadaye, turudi nyuma miaka hamsini. Nilichofundishwa na Fundi wiki ile hakikuwa kipya hata kidogo. Tatizo la mashine kusahau lina umri mkubwa kuliko wangu.

Bechi ilitoka wapi

Neno bechi tumelirithi kutoka enzi za kadi za matundu. Zamani hizo mtu hakuketi mbele ya kompyuta akabonyeza. Uliandika kazi yako kwenye kadi, ukampa mhudumu, naye akazikusanya kadi za watu wengi akaziingiza kwa mkupuo mmoja. Mkupuo huo ndio bechi. Mwaka 1956 wahandisi wa General Motors na North American Aviation walitengeneza mfumo wa kuendesha kazi namna hiyo kwenye mashine ya IBM 704, ili kazi moja ikiisha nyingine ianze bila mtu kuingilia kati.

Mwaka huohuo wa 1956 IBM ilitoa RAMAC, kompyuta ya kwanza kuuzwa ikiwa na diski inayozunguka kama tuzijuavyo. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na kipenyo cha inchi 24, na zote kwa pamoja zilibeba herufi kama milioni 5. Picha moja ya simu yako leo huenda isingeenea humo. Kwa hiyo bechi na diski ni watu wa rika moja.

Mwaka 1964 IBM ikatangaza familia ya System/360, na pamoja nayo lugha ya kuagizia kazi iitwayo JCL. Wazee walioitumia huikumbuka kwa kununa, maana koma moja ikikosewa kazi nzima hukataliwa. Lakini wazo lake ndilo hilohilo la faili ya .bat: andika amri kwa mpangilio, mpe mashine, nenda kalale.

Vitabu viwili vya SMF

Katika mashine hizo kubwa ndimo nilimomkuta babu yake hasa yule mzimu wa kabati letu. Mfumo wa IBM ulikuwa na sehemu iitwayo SMF iliyoandika rekodi za kila kilichofanyika: kazi gani imeendeshwa, imetumia muda gani, imegusa diski kiasi gani. Kompyuta zilikuwa ghali mno na idara zilitozwa kwa matumizi yao, kwa hiyo rekodi hizo zilikuwa na thamani ya fedha.

Sasa angalia zilivyohifadhiwa. Kulikuwa na faili mbili za kuandikia, SYS1.MANX na SYS1.MANY. Mfumo uliandika kwenye ya kwanza mpaka ikajaa, kisha ukahamia ya pili. Wakati unaandika ya pili, ilibidi kazi ya bechi iitwayo IFASMFDP iende kwenye ile ya kwanza, itoe rekodi zote, izihamishie kwenye tepu, kisha iifute ili iwe tayari kupokea tena. Kazi hiyo isipoendeshwa, faili zote mbili hujaa, na rekodi zinazofuata hupotea.

Ni kama mama mwenye ndoo mbili chini ya paa wakati wa mvua. Moja ikijaa anasukuma nyingine, anakimbia kumwaga ya kwanza kwenye pipa. Akisinzia, maji yanamwagika. Mvua haimsubiri.

Ndugu msomaji, ukielewa mfano huo wa ndoo umeelewa makala hii yote. Yaliyofuata ni ndoo za maumbo mbalimbali.

Unix na DOS

Upande wa Unix walikuwa na cron, mtumishi asiyelala anayeamsha amri kwa saa maalumu. Alikuwamo katika toleo la saba la Unix la mwaka 1979, na kizazi chake bado kiko kwenye seva nyingi za Linux. Walikuwa pia na sar, zana ya kupima mashine. Wasaidizi wake wawili, sa1 na sa2, ni skripti fupi tu za shell: mmoja hukusanya vipimo kila baada ya dakika kadhaa, mwingine huandika muhtasari wa siku. Faili za vipimo hupewa jina kwa tarehe ya mwezi: sa01, sa02, mpaka sa31. Umeona mtego? Tarehe 5 mwezi ujao inaweza kuandikwa juu ya tarehe 5 ya mwezi huu. Ndoo ni 31, lakini bado ni ndoo.

Kwa upande wetu sisi tuliolelewa na kompyuta ndogo, mlango ulikuwa DOS ya mwaka 1981. Nani aliyesoma kompyuta miaka ya tisini asiyeikumbuka AUTOEXEC.BAT? Faili ya maandishi matupu, unaihariri kwa programu yoyote, na mashine inaitii kila inapowashwa. Wengi wetu tuliandika programu yetu ya kwanza humo bila kujua kwamba tunaandika programu.

Windows NT ya mwaka 1993 ikaja na cmd.exe, na Windows XP ya mwaka 2001 ikatuletea zana tatu nilizozipenda sana: typeperf, logman na schtasks. Ya kwanza huandika vipimo vya mashine kwenye faili ya CSV, ya pili huvikusanya chinichini, ya tatu hupanga kazi kwa saa. Kwa mistari miwili ya bechi uliweza kujua foleni ya diski ilikuwa ndefu kiasi gani usiku kucha wakati wewe umelala Rongai.

Diski zilipohama nyumbani

Lakini kufikia wakati huo diski zenyewe zilikuwa zimehama. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha makala yao kuhusu RAID, yaani kuunganisha diski nyingi za bei nafuu zifanye kazi kama diski moja kubwa isiyokufa kirahisi. Mwaka 1990 EMC ikatoa Symmetrix, kabati la diski lenye ubongo wake. Katika miaka iliyofuata ofisi nyingi zikatoa data ndani ya seva na kuziweka kwenye kabati moja la pamoja, seva zote zikachota humo kama kijiji kichotavyo kwenye kisima kimoja.

Faida zilikuwa nyingi, ila kukaingia upofu mpya. Seva yako inapopima diski, inajua tu kwamba imesubiri. Haijui imesubiri kwa sababu gani. Huenda jirani amekuja na mapipa kumi kisimani, lakini wewe kwenye foleni yako unaona tu kwamba maji yamechelewa. Ajuaye ukweli ni kabati lenyewe. Na kabati, kama alivyoniambia Fundi, husahau.

Lisahau kwa nini? Si uzembe wa watengenezaji. Kabati lenye diski mamia na maelfu ya mafungu ya data likipima kila fungu kila dakika, vipimo vyenyewe vinakuwa mlima. Kazi ya kabati ni kutunza data za mteja, si kutunza historia yake lenyewe. Hivyo hutengewa eneo dogo la mviringo, vipya vikisukuma vya zamani nje.

runWin.bat na ndugu zake

Watengenezaji walilijua tatizo, nao wakatoa zana za kutoa vipimo nje. Hapa ndipo bechi ilipopata heshima yake ya uzeeni.

Makabati makubwa ya Hitachi, kwa mfano, yalikuwa na kompyuta ndogo ndani yake ya kusimamia mashine. Humo vipimo vilikaa kwa aina mbili. Vya muda mrefu vilikuwa vya kila dakika 15 na vilidumu miezi mitatu. Vya muda mfupi viliweza kuwa vya kila dakika moja, lakini vilidumu kati ya saa 8 na siku 15 tu, kulingana na ukubwa wa mashine na urefu wa vipindi. Zana ya kuvitoa ilikuwa programu ya Java, lakini uliiendesha kwa faili ya bechi: runWin.bat kwenye Windows, na ndugu yake kwenye Unix. Kando yake uliweka faili ya maandishi yenye maagizo: anwani ya mashine, jina na nywila, makundi ya vipimo unayotaka, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, folda ya kupokelea, na mwisho neno apply. Ukiiendesha, inakuletea faili za ZIP zenye CSV ndani yake. Mahali ambapo kipimo hakikupatikana iliandika -1, na ole wake aliyejumlisha safu nzima bila kuziondoa hizo.

IBM nao, katika SAN Volume Controller ya mwaka 2003, waliandika vipimo kwenye faili za XML, lakini kila nodi ilitunza faili 16 tu za kila aina. Ukipima kila dakika 15, faili 16 ni saa 4. Kwa hiyo kulikuwa na skripti iliyokimbia kuzinyakua kabla hazijafutwa. Kwenye CLARiiON za EMC vipimo vilikuwa katika faili za .nar ambazo jicho la mtu haliwezi kuzisoma, na amri ya naviseccli ndiyo iliyozigeuza kuwa CSV.

Chapa tatu, lugha tatu, lakini mwisho wa safari wote wanakutana kwenye CSV: maandishi, koma, mstari mpya. CSV ilitumika miongo mingi kabla ya mtu kuiandikia kanuni; waraka wa RFC 4180 ulitoka mwaka 2005. Mpaka leo naweza kufungua CSV ya mwaka 2006 kwa programu yoyote ya lahajedwali. Faili za .nar za wakati huo? Kwanza nitafute programu, halafu nitafute mashine ya kuiendesha.

Kwetu Kenya kulikuwa na sababu nyingine ya kupenda faili hizo. Kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009 tulitegemea setilaiti, na kila megabaiti ilikuwa na bei yake. Mtaalamu wa ng'ambo akitaka kuona hali ya mashine, humpi dirisha la kutazama moja kwa moja. Unambania CSV kwenye ZIP, unaituma usiku, unaomba Mungu isikatike.

Nafasi moja iliyonikosesha mwezi

Turudi sasa kwenye aibu yangu. Julai ile nilikaa na Fundi, tukaandika skripti ya kutoa vipimo vya saa moja iliyopita, kila saa, usiku na mchana, na kuvinakili kwenye kompyuta ya kando. Sehemu ya mwisho ilikuwa hivi:

set saa=%time:~0,2%
copy matokeo.csv D:\vipimo\%siku%_%saa%.csv

Tukaijaribu mchana, ikafanya kazi. Tukaijaribu jioni, ikafanya kazi. Nikaenda nyumbani nikilala usingizi wa mtu aliyeweka mtego na anayesubiri panya.

Tarehe 31 Julai ikafika, Jumatatu. Asubuhi skrini zikaganda. Nilikuwa karibu kufurahi! Nilisubiri vurugu zitulie, nikafungua folda siku mbili baadaye. Faili za saa 10 zipo, 11 zipo, 12 zipo, mpaka 23. Kutoka 00 mpaka 09, hakuna hata moja. Siku zote za mwezi, hakuna hata moja.

Sababu? Katika cmd.exe, kwa mipangilio tuliyokuwa nayo, kabla ya saa 10:00 herufi ya kwanza ya %time% si sifuri bali ni nafasi tupu. Badala ya 08 unapata nafasi na 8. Jina la faili likakatika katikati, amri ya copy ikaona vitu vitatu badala ya viwili, ikakataa. Ikaandika kosa kwenye dirisha jeusi ambalo hakuna aliyekuwa akilitazama, kisha ikafunga. Na matokeo.csv yakaandikwa juu saa iliyofuata. Mwezi mzima wa asubuhi ulipotea kwa sababu ya nafasi moja.

Dawa ilikuwa mstari mmoja:

set saa=%saa: =0%

Yaani, penye nafasi weka sifuri. Tukaongeza pia alama za kunukuu kwenye njia ya faili, na mstari wa kuandika kila kosa kwenye faili ya kumbukumbu. Na hapo tulikuwa na bahati, kwa sababu %date% nayo ina mtego wake. Kwenye mashine iliyopangwa kwa desturi ya Kiingereza cha Uingereza siku hutangulia mwezi. Kwenye iliyopangwa Kimarekani mwezi hutangulia. Skripti inayokata herufi kwa kuhesabu nafasi haitakwambia kwamba imegeuza tarehe 7 Agosti kuwa tarehe 8 Julai. Itaendelea tu kukuhifadhia uongo uliopangwa vizuri.

Saa 8 ya nani?

Tarehe 31 Agosti, Alhamisi, nilifika kwenye chumba cha seva alfajiri. Skrini ziliganda kama kawaida, na saa 9:00 kamili faili ikatua kwenye folda. Tukaifungua mimi na Fundi.

Mpaka 07:59 diski zilikuwa tulivu. Saa 8:00 usomaji kwenye fungu la hifadhidata ukaruka ghafla, na muda wa kusubiri ukapanda mara kumi na zaidi. Kufikia 8:06 kila kitu kikarudi chini. Hesabu wewe mwenyewe kwa nini wastani ulitudanganya. Dakika sita mbaya zikichanganywa na tisa njema katika kipindi cha dakika 15, kilele kinalainika. Zikigawanywa kwenye vipindi viwili, kinalainika zaidi. Na asubuhi ya mwisho wa mwezi, kilima kidogo hakimshtui mtu.

Ila kilichotushangaza ni kwamba usomaji huo haukutoka kwenye seva ya kaunta, wala seva yoyote. Ulitoka ndani ya kabati lenyewe. Kabati lilikuwa linajinakili.

Fundi alinyamaza kidogo, kisha akaenda kuchukua daftari la zamu, lile la jalada gumu. Akafungua ukurasa wa Mei. Kwa mwandiko wake mwenyewe: "Nakala ya mwisho wa mwezi, saa 8."

Yeye aliandika kwa saa ya Kiswahili: saa nane usiku, yaani 02:00, wakati Nairobi nzima imelala. Kijana wa zamu aliyepanga kazi kwenye kompyuta ya usimamizi alisoma saa 8 akaandika 08:00. Tangu hapo kila aliyelifungua daftari alisoma saa yake mwenyewe, akaridhika kwamba mambo ni sawa. Hata mimi nililisoma Juni, nikapita.

Kulikuwa na kikao alasiri hiyo, na nilijua kijana yule angeweza kufukuzwa kazi. Fundi alisimama kabla mtu hajauliza. "Aliyekosea ni mimi," akasema. "Niliandika saa 8 bila kusema ni ya Kiswahili au ya kizungu. Faili hii inaonyesha kilichotokea. Haina haja ya kumtafuta mtu." Meneja akaitazama ile karatasi yenye tarakimu, akauliza swali moja tu: sasa imerekebishwa? Ikawa imerekebishwa. Mkataba wangu ukabaki, kijana akabaki, na daftari la zamu likaanza kuandikwa kwa saa 24.

Mara nyingi nimefikiri kikao kile kingekwendaje bila ile CSV. Mahali pasipo na kumbukumbu watu hujaza pengo kwa lawama, na lawama hutelemka kama maji, humfikia aliye chini kabisa.

Na leo je?

Kijana wangu atasema: mzee, hayo yamepita. Ni kweli zana zimebadilika. PowerShell ilitoka mwaka 2006, mwaka uleule wa kisa changu, na ndani yake tarehe ni tarehe, si herufi za kukatwa kwa makasi. Makabati ya siku hizi hujibu maombi kupitia API. Prometheus ilianza mwaka 2012, Grafana ikaja 2014, na sasa kila ofisi ina skrini ukutani yenye grafu za rangi.

Lakini uliza swali la ndoo. Prometheus, usipobadilisha chochote, hutunza data kwa siku 15. RRDtool ya mwaka 1999, iliyobeba grafu za kizazi kizima cha wasimamizi wa mitandao, kwa kawaida husaga vipimo vya zamani kuwa wastani kwa makusudi, ili faili isikue. Yote mawili ni maamuzi ya busara, na yote mawili bado ni kusahau. Grafu ya kupendeza haimaanishi kuna kumbukumbu nyuma yake.

Wapo waliolielewa hili wakavuna. Mwaka 2007 wahandisi wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000, wakaonyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya zilizokufa hazikuwa zimetoa dalili yoyote ya makosa katika vipimo vya SMART, ukiacha joto. Kampuni ya Backblaze ya Marekani imekuwa ikichukua vipimo vya diski zake kila siku tangu mwaka 2013 na kuvitoa hadharani. Kwa muundo gani? CSV, mstari mmoja kwa kila diski kwa kila siku. Mtu yeyote, hata aliye Kisumu na kompyuta ya mitumba, anaweza kuzipakua na kujifunza. Hakuna ujanja mkubwa hapo. Ni mtu aliyekumbuka kumwaga ndoo kila siku.

Kwa hiyo, kama una mfumo wa kuhifadhi data mahali pako pa kazi, nakuomba ufanye haya wiki hii. Tafuta unatunza vipimo vya kina kwa muda gani; si wastani, vya kina. Panga skripti ivitoe kabla muda huo haujaisha nusu, ili ikikosa mara moja bado una nafasi ya pili. Mpe skripti akaunti ya kusoma tu, maana nywila yake itakaa kwenye faili ya maandishi na siku moja mtu ataiona. Andika tarehe kwa mwaka, mwezi, siku, na saa kwa tarakimu mbili. Kisha ufungue zile faili mwenyewe, hasa za usiku na za asubuhi. Skripti iliyojaribiwa mchana imejaribiwa nusu.

Ile folda iliyomchekesha kijana wangu ina faili za tangu Agosti 2006. Kabati lenyewe liliuzwa kama vyuma chakavu miaka mingi iliyopita, na Fundi alistaafu akarudi kwao kufuga kuku. Faili bado zinafunguka. Kijana alimaliza chai yake, akaenda mezani kwake kimya. Baada ya saa moja akarudi kuniuliza kama najua Prometheus yetu imewekwa itunze data siku ngapi.

Nilikuwa sijui. Tukaenda kuangalia pamoja.